Biskuti Hakurudi Msituni

Nafula mwanangu,

Mvua ya saa nane imeanza na nyinyi bado mko Navakholo. Kwa jinsi ninavyomjua kukhu, nyanya yako, hatawaachilia kabla hajachinja ingokho, kuku wa wageni, na kuhakikisha babako amekula mpaka amelegeza mshipi. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Nimesukuma vyombo upande mmoja wa meza na nimechukua lile daftari ninaloandikia majina ya ndege. Usicheke mwandiko. Mkono huu umezoea kuonyesha vitu vilivyo juu ya miti kuliko kushika kalamu.

Sitakuandikia habari za sweta wala pasipoti. Babako ameshakupa orodha tatu, na ya tatu ameipigia mistari kwa rula. Wala sitakuambia uombe, ule vizuri, ulale mapema. Una miaka ishirini na mitatu, na kama hayo hujayajua mpaka leo basi nimechelewa. Kesho unaondoka kwenda Chile mwaka mzima, kutunza wanyama wa msituni walioumia na walioachwa, na kuna jambo moja nimelikwepa kwa miaka kumi na saba ambalo siwezi kukuacha uondoke bila kulijua.

Ni habari ya Biskuti.

Biskuti alikufa. Hakurudi msituni, hakumwona mamake tena, na yule chesi, paa mdogo wa msituni, niliyekuonyesha siku ile chini ya mkuyu hakuwa yeye. Kwenye barua yako ya maombi, ile uliyonisomea hapa hapa mezani ukiitafsiri kutoka kwenye simu, uliandika kwamba ulianza kupenda wanyama ukiwa na miaka sita, mama yako alipomwokoa mtoto wa chesi, akamlisha, akamrudisha kwa mamake, na mkawa mnamwona akikua. Hadithi hiyo iliwapendeza watu wa kituo cha huko Chile mpaka wakakujibu kwamba wiki ya kwanza watataka uisimulie mbele ya wenzako wote. Wewe hukudanganya. Uliandika ulichoambiwa. Aliyedanganya ni mimi.

Nimelisema. Nilidhani mkono utakataa, lakini umeandika tu. Sasa ngoja nikueleze kilichotokea, kwa sababu hadithi yenyewe ya kweli huijui, na kuna sehemu yake moja ambayo bado naipenda hata kama sistahili.

Wakati ule tulikuwa bado tunakaa kando ya msitu, kabla hatujahamia huku Shieywe. Babako alikuwa Matete akijenga maduka, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Sisi wanawake tuliruhusiwa kuingia msituni siku mbili kwa wiki kuokota kuni zilizokauka, mzigo mmoja wa kichwa, bila panga. Mimi sikuwa na habari ya msitu zaidi ya kuni. Nilipita chini ya mbega na hondohondo kama mtu anavyopita sokoni siku asiyokuwa na la kununua.

Siku hiyo asubuhi tulikuwa tumekuta waya wa mtego kwenye kijia, umekazwa, una manyoya. Tukasikitika, tukaendelea. Nilipojitenga na wenzangu kufuata tawi kavu, nikamwona. Alikuwa amelala kwenye majani chini ya mzizi mpana, mdogo kuliko paka, miguu imekunjwa chini yake. Unajua jinsi chesi mzima alivyo mdogo, kwamba hafiki hata gotini. Basi fikiria mtoto wake. Macho yalikuwa wazi. Hakukimbia, hakulia, na nilipomgusa mgongoni hakutikisika. Nikasema, maskini, hana hata nguvu ya kuniogopa. Nikaunganisha na ule waya wa asubuhi, nikajua kabisa kwamba mamake ameliwa na mtu.

Nikamfunga kwa leso kifuani, kuni kichwani, nikatoka. Nataka ujue jinsi nilivyojisikia njia nzima: nilijipenda. Niliona kati ya wanawake wote walioingia msituni siku hiyo, mwenye moyo ni mimi.

Ulimpa jina la Biskuti kwa sababu ya rangi yake. Ulilia nilipokuambia halali kitandani kwako. Maziwa nilipata kwa jirani, ya ng'ombe, nikampa kwa chupa yako ya zamani iliyokuwa juu ya kabati. Siku ya kwanza alinyonya vizuri nikajisifu mbele ya majirani. Siku ya pili tumbo likaanza kumwendesha. Nikapunguza maziwa, nikaongeza maji, nikatia sukari kidogo, nikafanya kila jambo ambalo mama hufanya kwa mtoto wa binadamu. Siku ya tatu asubuhi ulikwenda shule ukimpungia mkono, na saa nne akafa mapajani mwangu. Hakuwa na uzito wowote. Nilichukua jembe nikamzika nyuma ya migomba, nikatandaza majani makavu juu ili usione udongo mpya.

Ukarudi. Bado nakuona mlangoni na soksi moja imeshuka.

"Biskuti ako wapi?"

"Nimemrudisha kwa mamake."

"Mamake alikuwa anamtafuta?"

"Eeh."

"Alifurahi?"

"Alifurahi sana."

Ukaketi ukala obusuma, ugali wako wote, na mboga. Mimi nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio cha wiki nzima, na badala yake nikapata mtoto anayetabasamu huku anatafuna. Nikajiambia nitakueleza ukikua kidogo. Ukiwa na miaka saba, nikasema minane. Unajua mwenyewe hesabu hiyo imefika wapi.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuni. Nilipita pale penye ule mzizi bila kutaka, miguu ilinipeleka. Udongo ulikuwa laini kwa mvua na palikuwa na nyayo ndogo, kwato zisizozidi ukucha wa kidole changu, zimezunguka pale mahali, zikakanyagana, zikaenda, zikarudi. Wakati huo sikujua kusoma nyayo. Niliziangalia tu nikaondoka.

Wewe nawe hukuniacha. Kila jioni ulikuwa na swali. Biskuti amekula nini leo. Biskuti analala wapi mvua ikinyesha. Mimi najibu tu, amekula matunda, amelala kwenye kichaka, amekusalimia. Halafu siku moja ukasema, "Mama, nipeleke nikamwone." Nikasema kuna matope. Ukasema una gambuti. Nikasema wiki ijayo. Nilikuzungusha hivyo mwezi mzima, na wewe ukikazia jambo unafanana na kukhu wako, huna kuchoka.

Nikaona sina budi kutafuta chesi, yeyote yule, nikuonyeshe. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi yangu, Nafula. Watu huniuliza nilifundishwa wapi kuongoza wageni, nami huwaambia kwamba niliupenda msitu tangu utotoni. Huo nao ni uongo mdogo. Nilijifunza msitu ili uongo wangu upate mnyama wa kuonyesha.

Nilizunguka siku nyingi bila kumwona hata mmoja. Niliwasikia tu, mlio mfupi kama mtu anayepiga chafya, kisha majani, kisha kimya. Mwishowe nikamwendea askari mmoja wa msitu, Bwana Juma, mtu wa Mumias, wa salamu ndefu zenye afya, watoto, ng'ombe na mvua ndani yake. Alipomaliza kunisalimia nikamuuliza chesi wanapatikana wapi.

"Mama, hutamwona kwa kutembea," akasema. "Wewe tafuta mahali kima wanakulanga matunda juu. Ukae hapo chini unyamaze. Wale wa juu wanaangushanga, yeye anakuja kuokota. Lakini ukae. Si dakika tano."

"Na watoto wao?"

"Mtoto humwoni. Mama yake anamfichanga mahali, anaenda kula mbali, anarudi kumnyonyesha, anaenda tena. Hakaangi naye, ndiyo asivutie adui pale. Na mtoto amezaliwa anajua kunyamaza, hata ukimkanyaga hatikisiki. Sasa kuna watu wanamkuta hivyo, wanasema ni yatima, wanabeba. Wanaua mtoto wa mtu." Akanitazama. "Kwani umeona mmoja?"

"Hapana," nikasema. "Nauliza tu."

Nikatoka pale nikaenda mpaka kwenye mzizi. Nyayo zilikuwa zimefutika zamani, lakini sasa nilizisoma zote. Yule mdogo hakuwa dhaifu. Alikuwa anafanya kazi yake, kazi ngumu kuliko zote kwa mtoto, kulala kimya na kungoja, na alikuwa anaifanya vizuri hata mkono wa mtu ukiwa mgongoni mwake. Mamake hakuwa kwenye sufuria ya mtu. Alikuwa anakula ili apate maziwa, na akarudi, na hakumkuta. Nilikaa kwenye ule mzizi nikalia mpaka wenzangu wakaja kuniuliza nimeumwa na nini. Nikasema siafu.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoipenda.

Nilikwenda kukaa. Nilichagua mkuyu uliokuwa umeiva, kima wamejaa juu, nikaegemea gogo nikanyamaza. Mimi, ambaye babako husema hunyamaza tu nikiwa nimelala. Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, majani yakasogea karibu sana, nikaona mkia mdogo ukipepea, mweupe upande wa chini, juu chini juu chini. Akatoka. Alikuwa wa kijivu chenye samawati ndani yake, rangi ambayo huioni mpaka mwanga umguse. Mgongo umeinama mbele, pembe fupi zimelala kichwani zisinase kwenye matawi. Aliokota tunda, akatafuna akiwa ameinua kichwa ili asikilize, akaenda kwenye kijiti akakigusa kwa shavu, hapo chini ya jicho, taratibu kama mtu anayetia sahihi. Kisha mwenzake akatoka upande wa pili wakasimama pamoja. Nilikuwa nimeishi kando ya msitu huo miaka tisa na sikujua kwamba viumbe wa namna hiyo wanaishi hatua mia nne kutoka jikoni kwangu, wawili wawili, katika kiwanja chao wanachokijua kila mzizi.

Nilisahau kabisa kwamba nimekuja kwa sababu ya uongo.

Wiki iliyofuata nikakuleta. Nilikuambia ukitoa sauti tu tunarudi nyumbani. Mtoto wa miaka sita, Nafula, ulikaa saa nzima na robo. Siafu alipanda mguuni kwako ukamtoa kwa kidole bila kusema. Nimewaongoza wageni wenye kamera kubwa kuliko mwili wako wa wakati ule, na wengi hawajawahi kukaa hivyo. Chesi alipotoka ulinishika mkono ukaubana, na alipoingia tena kichakani ndipo ukaninong'oneza: "Amenenepa."

Nami nikasema, "Eeh."

Lakini ule mkono ulionibana ulikuwa wa kweli. Ulichokiona ulikiona. Usije ukafikiri kwamba kwa sababu jina la yule mnyama lilikuwa uongo, na saa ile yote ilikuwa uongo. Nimelifikiria sana hilo, na sijaribu kujitetea.

Baadaye ukanipita. Unakumbuka ukiwa kidato cha pili, ulipofuatana nami likizo, nikawa nawaambia wageni kwamba chesi ni ndugu wa wale wa kadi za Krismasi, kwamba pembe zake huanguka kila mwaka? Nilikuwa nimesema hivyo miaka mitatu kwa ujasiri mkubwa. Wewe ukasema mbele yao wote, "Hapana mama, za huyu hazianguki." Wageni wakacheka, nami nikakukaripia kutoka lango la msitu mpaka Shieywe. Kesho yake nilipoona hasira yangu imepoa nikakuomba unieleze tena, ukachora kwenye karatasi ya unga. Ukasema ayala, wale wenye pembe za matawi tunaowaona kwenye kadi za Krismasi, hutupa pembe zao kila mwaka na kuota nyingine. Wa kwetu akishaota ameota, ni zake mpaka afe. Ukasema bara letu lote, ukiacha kipande cha kaskazini ng'ambo ya jangwa, halina ayala wa asili hata mmoja. Wote hawa tunaowaona, kulungu, chesi, na yule paa mwekundu wa kule ndani, wako karibu zaidi na mbuzi wa kukhu kuliko na yule wa kwenye kadi. Nilikaa na kile kikaratasi mpaka kikachakaa. Nilijivuna, ingawa sikukuambia. Nakuambia sasa.

Halafu mwaka jana ukanionyesha picha ya pudu. Nilisema, huyu si amepigwa picha hapa kwetu? Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukanieleza kwamba ni ayala kamili, mdogo wa ajabu, na anaishi kusini mwa Chile kwenye msitu wenye mvua kama wetu, bahari nzima katikati yake na chesi. Mgongo uleule wa kuinama. Miguu ileile mifupi. Vipembe viwili vifupi, ila vyake huanguka. Anatembea peke yake kwenye vichochoro vyake chini ya vichaka, anakula kilichoanguka, anatia alama yake kwenye vijiti. Hawajuani, hawana undugu wa karibu, hawajaonana tangu dunia iumbwe, na bado giza la msitu limewafinyanga mpaka mama mzima anayefanya kazi hiyo akawachanganya. Ukaniambia na Kongo kuna mwingine tena, asiye na pembe kabisa, anayejitosa mtoni akiona hatari. Ulikuwa unang'aa ukisema hayo. Wageni wanaokuja nchini hutaka tembo na simba, na sina ugomvi na tembo. Lakini mimi nawaonea fahari hawa wadogo, ambao wameishi miaka yote hiyo chini ya pua za chui na binadamu kwa kujua tu kusimama kimya.

Kisha ukasema, "Na pudu pia anamfichanga mtoto wake, mama. Halafu watu wanamkuta peke yake wanambeba nyumbani, wakidhani wanamwokoa. Hao ndio wengi wanaoletwa pale kituoni."

Nikainuka nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Ukaniuliza kama moshi umenipata machoni.

Sasa unajua kwa nini siwezi kukuacha uende na hadithi ile. Utasimama mbele ya watu ambao kazi yao ni kulea wadogo hawa, utawaambia kwamba mama yako alimbeba mtoto wa siku chache, akampa maziwa ya ng'ombe siku tatu, akamrudisha, mamake akampokea. Watasikiliza kwa adabu. Mmoja wao, mzoefu, atatazama chini. Atajua. Nawe utamwona akijua, ukiwa peke yako, mbali, bila mtu wa kumuuliza. Mwanangu, kukuaibisha hivyo siwezi. Heri unikasirikie mimi leo.

Na ninaogopa. Naogopa utasema kwamba kama mwanzo ulikuwa uongo basi hata safari ni uongo, ufungue begi utoe nguo. Naogopa zaidi kwamba utakwenda lakini ukipiga simu utaongea na babako tu. Ukifanya hivyo nitaelewa, ila nitaumia sana, na sitajifanya siumii. Babako hajui lolote la haya. Kukhu ndiye anayejua, kwa sababu alikuja kutembea wiki ile akaona majani yamepangwa vizuri kupita kiasi nyuma ya migomba. Aliniuliza, nikamwambia. Hakunigombeza. Tangu hapo kila tukionana lazima aniulize, "Umemwambianga?" nami husema bado, naye hubadilisha mazungumzo.

Kuna kitu kimoja nataka kukuomba, halafu ninyamaze.

Mtu atakuja pale kituoni kwenu. Labda ni mwanamke wa shambani, labda ni mzee na mjukuu wake, atakuwa amemfunga mtoto wa pudu ndani ya koti, kifuani. Atakuwa ametembea mbali. Uso wake utakuwa na ile furaha niliyokuwa nayo mimi na mzigo wa kuni kichwani. Wenzako wengine watamkaripia, na watakuwa na haki, kwa sababu amefanya kosa linaloweza kuua. Wewe usianze na hilo. Muulize kwanza alimkuta wapi, hasa wapi, chini ya mti gani, na ni lini. Muulize kama anaweza kukurudisha pale pale leo hii, kwa sababu huenda mama yake bado anazunguka. Halafu ukishamaliza kuokoa kinachookoleka, mweleze mambo yalivyo, kwa upole lakini yote, usimfiche hata kama unaona machozi. Kama mnyama atakufa mikononi mwenu, mwambie amekufa. Mimi kama Bwana Juma angejua na akaniuliza mara ya pili, huenda ningesema. Sijui. Hakuuliza, na mimi nikachukulia kama ruhusa.

Na ile hadithi wanayotaka uisimulie, isimulie. Nakupa ruhusa yote, sema na jina langu ukitaka. Sema mama yako alimuua mtoto wa chesi kwa huruma, akamzika, akakudanganya, na alipokuwa akitafuta namna ya kuendeleza uongo wake akajifunza kukaa kimya chini ya mkuyu. Sema na wewe ulikaa kando yake ukiwa na miaka sita na ukamshinda. Mimi naona hiyo ni hadithi bora kuliko ile ya kwanza, lakini ni yako sasa, utaamua mwenyewe.

Mvua imekatika. Begi lako liko hapa kando ya meza, limefungwa, na nimelifungua mara mbili. Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya sweta, uikute huko huko baada ya siku mbili, mimi nikiwa huku na wewe huwezi kunirudia. Nimeona hiyo ni tabia ileile yangu, ya kungoja uende ndipo nishike jembe. Kwa hiyo hapana. Ukiingia nitakupa mkononi, nitamtuma babako dukani, na wewe utasoma hapa, mbele yangu, mpaka mwisho. Sitakukatiza.

Ukimaliza, niulize chochote. Hata kama ni yale maswali ya kila jioni, yote, moja moja. Nitayajibu upya.

Ni mimi mamako.